Verla Jean Stroud, Mama Aliyeoka Vyuma

Mchungaji, wanachama wa klabu ya magari, majirani wa Barabara ya Merrill, ndugu na jamaa mliotoka mbali, familia ya Stroud imenituma mimi Nadine, mtoto wa kwanza wa marehemu, nisimame mbele yenu nisome maisha ya mama yetu tangu mwanzo hadi mwisho wake, na kabla sijaanza naomba mjue kwamba karatasi hizi zimepitiwa neno kwa neno na baba yetu, mzee Orrin Stroud, aliyeketi hapo mbele, na kwamba kila kilichomo, hata kile mtakachotamani kisisomwe, kimeagizwa na marehemu mwenyewe.

Marehemu Verla Jean, wa ukoo wa Hollis, alizaliwa siku ya Jumanne tarehe 14 Aprili 1936, karibu na mji wa Sayre, jimbo la Oklahoma, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa mzee Amos Hollis na Bi. Lula, katika miaka ambayo vumbi lilikuwa limewamaliza wakulima wa huko, na mwaka 1941 wazazi wake walipakia magodoro na sufuria juu ya lori la kuazima wakahamia Fontana, hapa California, ambako mwaka uliofuata baba yake alipata kazi ya kuchomelea katika kiwanda cha chuma.

Alianza shule mwaka 1942 hapo hapo Fontana, ambako wenzake walimcheka kwa lafudhi yake na kwa viatu alivyorithi kwa kaka yake, jambo alilolikumbuka mpaka uzeeni maana hakuwa mtu wa kusahau, akaendelea hadi kumaliza sekondari mwezi Juni 1954, hesabu zikimshinda na ushonaji ukimpa nafasi ya kwanza miaka yote minne. Septemba mwaka huo aliajiriwa katika karakana ya kushona viti vya magari mjini San Bernardino, alikofanya kazi kwa miaka kumi na miwili, na kuanzia mwaka 1966 hadi alipostaafu mwezi Juni 1998 alikuwa mpishi wa shule ya msingi, ambako nusu yenu mlioko hapa mmekula chakula cha mkono wake na nusu nyingine mmegombezwa naye kwa kutokukimaliza.

Katika karakana ile ndiko alikokutana na baba, mwaka 1955, alipofika kijana mmoja mwenye mikono ya grisi akiomba ashonewe kiti cha gari ambalo, alipotoka nje kulitazama, alikuta halina sakafu. Kisa hiki wamekisimulia wote wawili kwa maneno yale yale, kwamba mama alimwambia, "Kiti nitakushonea, kaka, lakini utakifunga wapi, hewani?" naye akajibu, "Wewe shona tu, dada, sakafu iko njiani." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 8 Septemba 1956 katika kanisa hili hili, sakafu ikiwa bado njiani, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nadine, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1958, na Kirby, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1961.

Huwezi kuisimulia familia yetu bila kulitaja gari. Mwezi Mei 1957 baba alikuta mabaki ya Ford ya mwaka 1932 nyuma ya banda la kuku huko Devore, akayavuta hadi nyumbani, na tangu siku hiyo Jumamosi zetu zote zikawa mali ya gereji, tukilikata, tukilishusha, tukilipunguzia kila uzito usio na kazi, tukiliongezea nguvu ile injini yake ya silinda nane, ili mara kadhaa kwa mwaka lipelekwe kwenye ziwa kavu la El Mirage likapimwe mwendo. Hotrodi kwetu haikuwa gari la kununua, ilikuwa gari la kutengeneza kwa mkono wako, na baba aliweka sheria moja ambayo sisi watoto tuliijua kabla ya kujua kusoma, kwamba hakuna kitu kilichotengenezwa baada ya mwaka wa ndoa yao kitakachoingia kwenye lile gari, iwe ni breki, iwe ni taa, iwe ni mkanda wa kiti.

Mama hakuwa mtazamaji. Viti alivishona yeye, mistari myembamba ya rangi ubavuni mwa bodi aliichora yeye kwa brashi ya manyoya bila rula, na kabureta mbili za injini alizilinganisha yeye, akiweka kipande cha mpira wa bustani sikioni na ncha yake mdomoni mwa kabureta, akisikiliza pumzi ya moja na pumzi ya nyingine, huku baba akigeuza skrubu kama alivyoamrishwa. "Ongeza. Ongeza. Acha, umepita, rudi. Orrin, wewe una masikio ya mapambo."

Lakini kazi iliyompa sifa ilikuwa ya jikoni. Chuma kikishapakwa kromu kiwandani huwa kimekunywa asidi, kinang'aa kama sufuria mpya lakini ndani kimepoteza ustahimilivu, na kisipookwa siku hiyo hiyo kwa saa nane mfululizo huja kukatika ghafla bila hata kupinda, hivyo kila kipande cha usukani kilichotoka kiwandani kilikwenda moja kwa moja kwenye oveni ya mama, nyuzi mia tatu sabini na tano za Farenhaiti, yeye akiandika kwa chaki kwenye mlango saa kilipoingia, na kikiiva alikilaza juu ya taulo la kijani kando ya dirisha. Kilicholala juu ya taulo la kijani kilikuwa kimeiva, hakuna aliyeuliza. Wanachama wa klabu walileta na vyao, wakimtania mlangoni, "Mama Stroud, leo tunakula kuku au ekseli?" naye akiwajibu bila kugeuka, "Mwenye meno ale ekseli," nasi tumekula kuku mwenye harufu ya gereji miaka mingi na hatukufa.

Kirby alimuoa Teresa Quiroga wa Colton mwezi Juni 1984, wakapata binti mmoja, Elisa, tarehe 2 Mei 1986, na baba alipoona mikono yake imeanza kutetemeka alimkabidhi Kirby funguo za ile Ford, ambayo Kirby aliipenda kuliko sisi tuliomtangulia kuijua. Mwaka 1988 aliamua kuitengeneza upya, na mwezi Julai baba aliupasha moto mkono wa usukani, yaani kile chuma kifupi kinachogeuza gurudumu la mbele, akaupinda kidogo ili usigonge breki, jambo ambalo klabu nzima ililishuhudia maana lilifanyika mbele yao, kisha ukapelekwa kiwandani kupakwa kromu.

Sasa nafika mahali ambapo mama aliniambia nisome polepole.

Siku ya Jumamosi tarehe 20 Agosti 1988 ule mkono uliletwa kutoka kiwandani, baba na Kirby wakiwa wametoka tangu alfajiri, na saa nne asubuhi mama akauingiza kwenye oveni akaandika kwa chaki kama kawaida. Asubuhi hiyo hiyo jirani yetu, Bi. Lindqvist, alikuwa amefiwa na mumewe, na kila mwanamke wa mtaa alikuwa anapika, kwa hiyo saa sita mama akautoa ule mkono, ukiwa umekaa saa mbili tu kati ya saa nane, ili apate nafasi ya bakuli la tambi na kuku la kupeleka msibani, akikusudia kuurudisha bakuli likitoka. Akaulaza juu ya taulo la kijani, kwa sababu ulikuwa wa moto na mkono wake ulikwenda ulikozoea kwenda, akafuta chaki, akapika, akabeba bakuli, akaenda msibani, na huko akaosha vyombo vya wafiwa mpaka saa kumi na moja jioni. Aliporudi alimkuta Kirby ameketi ndani ya gari anageuza usukani huku na huku, baba amelala chini anatazama magurudumu yanavyotii, na ule mkono umeshafungwa.

Kirby alimwambia, "Mama, njoo uone! Unang'aa mpaka najiona meno!"

Mama alisimama mlangoni mwa gereji, akafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa, "Kanaweni mikono, chakula kitapoa."

Haya nayasoma kama alivyonitajia mwenyewe, nami niliyaandika akiwa ananitazama, "Nilijiambia saa mbili si haba, wako wasiooka kabisa na wanaendesha mpaka leo. Baba yako alikuwa na furaha ambayo sikuiona muda mrefu, nikaona haya kumwambia afungue kazi yote kwa sababu ya bakuli la tambi. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ilikuwa Jumapili tukaenda kanisani, na baada ya hapo kila siku ilikuwa ngumu kuliko ya jana."

Siku ya Jumapili tarehe 16 Oktoba 1988, saa tisa alasiri, Kirby akirudi kutoka El Mirage, akiteremka njia ya mlimani ya Cajon kwa mwendo wa maili sitini kwa saa, ule mkono ulikatika, gurudumu la kushoto likaenda lilikotaka, gari likapinduka, naye, kwa kuwa halikuwa na mkanda, akatupwa nje, akafariki pale pale akiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Baba alikuwa nyuma yake na lori la vifaa, akamfikia wa kwanza, na hilo hatulisemi zaidi.

Wanaume wa klabu waliokota kipande kilichokatika, wakakumbuka moto wa mwezi Julai, na mmoja wao, ambaye naye sasa ni marehemu, akakiweka mbele ya baba akasema, "Orrin, huu ni moto wako," na baba akajibu, "Ndiyo, ni mkono wangu," akavua koti la klabu akaliacha juu ya kiti. Siku ya mazishi Teresa alimzuia akamwambia, "Mzee, usiliguse jeneza la mume wangu," baba akarudi nyuma hatua tatu, akakaa hapo mpaka mwisho wa ibada, na mama alikuwa amesimama kando ya Teresa, amemshika mkono, na hakusema kitu.

Hakusema kwa miaka ishirini na sita.

Teresa alihamia Fresno na mtoto, akaapa kwamba Elisa hatamwona babu yake, na akashika kiapo. Mama alikwenda Fresno kwa basi mara mbili kila mwaka, akapokelewa kwa mikono miwili, akapikiwa, akapewa picha za shule za mjukuu, na baba alimsindikiza hadi kituoni, akabaki kwenye benchi mpaka basi litoke, kisha akarudi kwenye nyumba yenye gereji iliyofungwa kwa kufuli. Hakuna mtu aliyemletea gari tena, hata kubadilisha plagi. Waliokuwa wakimsalimia kwa jina wakawa wanaitikia kwa kichwa. Nami ninayewasomea sikai pembeni ya hili, maana nilikaa miaka kumi na mmoja bila kula mezani kwa baba yangu, nikimtembelea mama saa ninazojua baba hayupo nyumbani, na siku niliporudi nilirudi kwa kumhurumia, kama mtu anayemwachia mkosaji, naye akanivutia kiti akasema, "Kaa mwanangu, umekonda." Sina namna ya kulirudisha hilo.

Mwezi Machi 2014 marehemu alianza kuumwa tumbo na kupungua uzito, na baada ya vipimo madaktari wakaeleza kwamba ni saratani ya kongosho na kwamba imekwisha kusambaa, akapata matibabu hadi mwezi Desemba, na tarehe 9 Januari 2015 tukamrudisha nyumbani, tukamwekea kitanda sebuleni, akihudumiwa na muuguzi aliyekuja kila siku. Alipungua sana lakini akili yake ilibaki timamu mpaka mwisho, na nalisema hili makusudi, ili asiwepo wa kusema kwamba yale aliyoyatamka yalikuwa ya dawa.

Siku ya Jumapili tarehe 15 Februari, baada ya chakula cha mchana, alimwita baba na mimi, akatusimulia ile Jumamosi ya mwezi Agosti tangu chaki mpaka taulo. Baba alisikiliza amesimama. Mama alipomaliza, baba alimwuliza neno moja tu, "Ulijua?" na mama akasema, "Nilijua tangu simu ilipolia." Baba akauliza kwa nini, mama akasema, "Niliogopa utanitazama hivyo unavyonitazama sasa." Baba alitoka nje, akavunja kufuli la gereji kwa nyundo, akakaa humo siku nne, nikimpelekea supu ya kopo na kuikuta imeganda, na kila nilipoingia sebuleni mama aliniuliza, "Amekula?"

Alhamisi tarehe 19 baba aliingia jikoni, akafunga gesi, akaing'oa ile oveni ukutani, na akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja akaiburuta peke yake, bila kukubali nishike hata upande mmoja, mpaka ukingo wa barabara ambako lori la taka hupita, na ndiyo sababu mlioletewa chakula wiki hii mmekula cha kununua. Kisha akanawa mikono, akaja kuketi kando ya kitanda, akasema, "Umeninyima mtoto wa Kirby, Verla. Umenifanya nimwombe radhi Kirby kila asubuhi kwa kitu ambacho sikufanya." Mama akasema, "Najua." Baba akachukua kijiko akamlisha barafu, kwa kuwa midomo yake ilikuwa imekauka, akaendelea kumlisha hivyo mpaka siku ya mwisho. Hakusema amemsamehe, na msije mkaenda nyumbani mkasema alisema.

Kile kipande cha chuma baba alikuwa amekihifadhi miaka yote hiyo, na Jumanne tarehe 24 Februari nilikipeleka kwa mtaalamu wa vyuma, asiyetujua wala kujua kisa chetu, akakikata, akakitazama kwa lenzi, akaandika kwa mkono wake kwamba kilikatika mbali na mahali moto ulipopita, kwamba upindaji ulikuwa safi na haukukidhoofisha, na kwamba kilikufa kwa asidi ambayo haikutolewa. Barua hiyo iko hapa, na mwenye kutaka kuisoma aje aisome. Jumamosi tarehe 28 niliendesha gari hadi Fresno nikaisoma mbele ya Teresa na Elisa, pamoja na maneno ya mama, na Teresa hakuweza kuja leo, nasi hatumlaumu, lakini Elisa alifika jana adhuhuri, akamkuta babu yake kibarazani, akamwuliza kama anaweza kuketi, na baba akasogea.

Marehemu alifariki siku ya Alhamisi tarehe 12 Machi 2015, saa moja asubuhi, akiwa nyumbani kwake, akiwa amebakiza mwezi mmoja na siku mbili kutimiza miaka sabini na tisa, na ameacha mume, mtoto mmoja na mjukuu mmoja. Nilimpenda mama yangu na nina hasira naye, na vyote viwili nimekuja navyo hapa leo, kwa kuwa sikupata pa kuacha hata kimoja.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, hasa muuguzi aliyemgeuza na kumwosha kila siku huku akimsikiliza, tunawashukuru majirani wa Barabara ya Merrill mliotuletea vyakula na viti, tunawashukuru wapishi wenzake wa shule ambao mmekaa naye kwa zamu, na tunaishukuru klabu, ambayo wanachama wake wanane wamebeba jeneza asubuhi ya leo, na ambao, kabla ya kulibeba, walikwenda mmoja mmoja mbele ya mzee Orrin wakavua kofia.

Mlioandika historia za namna hii mnajua neno linalokuja hapa, na mnajua huambiwa nani. Nilipokuwa namsomea mama karatasi hizi, siku sita kabla ya kufa kwake, alininyamazisha nilipofika mstari huu wa mwisho, akasema, "Hilo usinipe mimi. Mimi nimelala vizuri miaka ishirini na sita juu ya mgongo wa mtu mwingine. Mpe mwenye nalo, na watu wasikie." Kwa hiyo naomba msimame.

Baba, si wewe uliyemuua Kirby. Pumzika.